Daktari Ni Shahidi, Si Hakimu

Miongoni mwa karatasi zote ziwezazo kuingia katika nyumba ya mfanyakazi, hapana iliyo nyepesi mkononi na nzito katika matokeo kama ripoti ya daktari. Aghalabu ni ukurasa mmoja tu. Imeandikwa kwa Kiingereza, wala si kile Kiingereza mnachofundishwa darasani, bali ni cha hospitali, kilichojaa maneno ya Kilatini na vifupisho ambavyo hata mwalimu wenu angevitafuta katika kamusi asivione. Chini yake pana mhuri na sahihi isiyosomeka. Mahali fulani juu ya sahihi hiyo pana tarakimu moja ndogo, pengine 8, pengine 15, pengine 40, na kando yake alama ya asilimia. Tarakimu hiyo ndiyo itakayosema mkono wa baba, mguu wa mama au jicho la kaka una thamani gani mbele ya sheria.

Watu wengi huipokea ripoti hiyo kama wapokeavyo mvua ya mawe. Imekwisha shuka, nani ataijibu? Daktari amesema. Karani wa bima husema hivyo, mwajiri husema hivyo, na aliyeumia mwenyewe, akiwa ameketi benchini na bandeji mkononi, husema hivyo pia. Mimi nataka kuyapinga maneno hayo mawili, "daktari amesema," kwa nguvu zote nilizo nazo. Siyapingi kwa kuwadharau madaktari, maana wengi wetu tusingekuwa hai bila wao. Nayapinga kwa sababu yamempa daktari kiti ambacho sheria haikumpa, na ambacho yeye mwenyewe, akiulizwa kwa utulivu, angekiri kwamba hakukiomba.

Kwanza tuitazame sheria, maana ghadhabu isiyojua sheria ni kelele tu. Hapa Kenya mtu aumiapo kazini haki yake inalindwa na Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika mwaka 2008 badala ya sheria ya fidia tuliyorithi kutoka enzi ya ukoloni. Sheria hii inamtaka mwajiri awakatie wafanyakazi wake bima. Haimlazimishi mfanyakazi kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea; yatosha kwamba ajali ilimpata katika kazi yake. Ajali ikimwachia ulemavu wa kudumu, fidia yake hukadiriwa kwa msingi wa mapato ya miezi 96, yaani miaka minane, kisha hutwaliwa sehemu inayolingana na kiwango cha ulemavu wake. Kiwango hicho ndicho ile tarakimu ndogo.

Ninyi mnajua hesabu, basi zipigeni. Mtu alipwaye shilingi 15,000 kwa mwezi, mapato yake ya miezi 96 ni shilingi 1,440,000. Akiandikiwa asilimia 10 atapata shilingi 144,000. Akiandikiwa asilimia 20 atapata 288,000. Asilimia moja peke yake ni shilingi 14,400, nayo ni karibu mshahara wake wa mwezi mzima. Ndivyo ilivyo kwa kila mfanyakazi, awe analipwa kingi au kidogo. Kwa hiyo daktari akiandika 12 mahali palipostahili 17, ameondoa nyumbani kwa mtu huyo mishahara ya karibu miezi mitano: karo, kodi ya nyumba, unga na mafuta ya taa. Na huenda ameiondoa kwa muda mfupi kuliko unaohitajika kuchemsha chai.

Tumtwae mtu mmoja awe mfano wetu. Msimtafute jina, maana hayuko mahali pamoja. Yuko mahali pengi. Ni fundi wa msumeno katika kiwanda cha mbao. Siku moja msumeno ukamkata mkono wa kulia: kidole cha shahada kikatoka chote, na cha kati kikabaki lakini hakikunjiki. Hospitalini alitibiwa vizuri, na kidonda kikapona. Miezi minne baadaye akapelekwa kwa daktari mwingine ili ile fomu ya ajali, yenye sehemu ya mwajiri na sehemu ya daktari, ipate kujazwa. Daktari huyo hakupata kumwona kabla ya siku hiyo. Nje pana watu thelathini wanaongoja. Anautazama mkono, anamwambia afumbe ngumi, afumbue, anauliza kama kuna maumivu, anaandika. Ameandika kwamba kidole kimoja kimepotea, kidonda kimepona vyema, na mgonjwa anaweza kurudi kazini.

Hapana neno la uongo katika ripoti hiyo, na hata hivyo ukweli haumo. Daktari hakuuliza mtu huyu hufanya kazi gani kwa mkono ule. Hakujua kwamba mkono wa kulia ndio ulioongoza ubao kuelekea kwenye meno ya chuma, na kwamba kidole cha shahada ndicho kilichohisi ubao ukitaka kuruka. Hakujua kwamba asubuhi za baridi mkono wote hufa ganzi, kwamba parafujo humponyoka, kwamba hawezi tena kumfungia mwanawe vifungo vya shati la shule. Msimamizi wa kiwanda hatamrudisha kwenye msumeno, na kwa haki kabisa, kwa kuwa mtu asiyeweza kushika sawasawa atakatwa mara ya pili. Atampa ufagio. Na mshahara wa ufagio si mshahara wa msumeno.

Mtu ataniambia: lakini pana jedwali. Ni kweli. Sheria nyingi za namna hii duniani zina jedwali linalotaja kila kiungo na asilimia yake, na yetu pia inalo mwishoni mwake. Katika jedwali linalotumika Uingereza, kupotea kwa kidole gumba ni asilimia 30, cha shahada 14, cha kati 12, cha pete au cha mwisho 7. Jedwali lina faida yake, wala sitaki lifutwe: linazuia upendeleo, na mbele yake kidole cha mkubwa na kidole cha mdogo ni kimoja. Lakini jedwali hujua kidole, halimjui mwenye kidole. Mwalimu wa historia aliyepoteza kidole cha shahada ataendelea kufundisha habari za Fort Jesus kama kawaida; fundi wa saa aliyepoteza kidole hicho hicho amepoteza duka lake. Jedwali limewaandikia wote wawili hesabu moja.

Waliotunga sheria yetu waliliona jambo hili, wakaacha mlango wazi. Kifungu cha 30 kinampa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ruhusa ya kuongeza kiwango pale ambapo jeraha limeleta matokeo mazito kupita kawaida kwa sababu ya namna ya pekee ya kazi ya aliyeumia. Mlango mzuri! Lakini utafunguliwaje, ikiwa karatasi iliyo mezani haisemi mtu huyu hushika nini, huinua nini, hupanda wapi? Mkurugenzi hamwoni yule fundi. Huona karatasi. Jambo ambalo daktari hakuliandika, kwa ofisi ni jambo ambalo halikutokea.

Nasema basi kwamba daktari ni shahidi. Kazi ya shahidi ni kueleza aliyoyaona, jinsi alivyoyapima, na sababu ya kuamini anayoyaamini. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, imemweka mtaalamu mahali hapa hasa: maoni yake hupokewa kwa kuwa ana ujuzi ambao hakimu hana, lakini hayamfungi hakimu. Hakimu anaweza kuyakubali, na anaweza kuyakataa akitoa sababu. Shahidi angesimama kizimbani akasema "mshtakiwa ana hatia ya asilimia 12," kisha akashuka asiulizwe neno, mahakama nzima ingecheka. Lakini katika madai ya ulemavu tumezoea jambo hilo hilo na hatucheki. Tarakimu isiyo na sababu si ushahidi. Ni amri, na aliyeitoa hakupewa mamlaka ya kuamuru.

Tena ubaya huu umezidi uzito katika miaka ya karibuni kwa ajili ya jambo ambalo wengi hawalijui. Zamani mfanyakazi aliyeumia aliweza kwenda moja kwa moja mahakamani kumshtaki mwajiri. Sheria ya 2007 ikataka madai yaanzie kwa Mkurugenzi. Wanasheria wakaipinga, mwaka 2009 Mahakama Kuu ikavibatilisha baadhi ya vifungu vyake, mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikavirudisha vingi, na mwezi wa Desemba mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikalimaliza shauri kwa kuiunga mkono sheria. Sina ugomvi na uamuzi huo. Kesi mahakamani huchukua miaka, na mwenye njaa hawezi kungoja miaka. Lakini tazameni tofauti. Mahakamani daktari anaweza kuitwa, akaulizwa: ulimwona mtu huyu dakika ngapi? Ulipima nguvu za mkono kwa chombo gani? Ofisini karatasi husema peke yake, wala haiwezi kuulizwa. Palipo na maswali machache, karatasi yapaswa kueleza mengi zaidi. Na sisi tumeiacha ieleze machache zaidi.

Upo uovu wa pili, na huu hauwahusu madaktari wenye haraka, bali wenye bei. Kampuni ya bima haipendi ile tarakimu, inampeleka fundi kwa daktari wake, tarakimu inashuka. Wakili wa fundi naye haipendi, anampeleka kwa daktari wa tatu. Tarakimu inapanda hata kupita ya kwanza. Mkono ni ule ule. Kama mzani wa duka moja ungesema sukari ni kilo mbili, na wa duka la jirani ukasema sukari ile ile ni kilo saba, tungewaita wakaguzi wa mizani kabla ya jua kuchwa. Na wale wanaojidai kuwapenda maskini wasikie: daktari anayeiongeza tarakimu ili kumpendeza wakili hamsaidii maskini yeyote. Kila ripoti iliyotiwa chumvi inamfanya mdai mkweli wa kesho atazamwe kama mwizi. Na hakimu aliyewekewa 5 upande huu na 35 upande ule hushawishika kukata katikati, kana kwamba ukweli una desturi ya kukaa nusu ya njia baina ya uongo na uongo.

Watu wa bima watanijibu kwamba wapo wadai wadanganyifu, nami nakubali, wapo. Wapo wanaoingia kwa daktari wakichechemea na kutoka wakikimbilia matatu. Bima ikilipwa kwa udanganyifu, mzigo humrudia kila mwajiri na mwishowe kila mfanyakazi. Lakini ripoti fupi haikumkamata mdanganyifu hata mmoja. Anayedai kwamba hakutumia mkono wake kwa mwaka mzima atafichuliwa na sugu za kiganja chake na misuli isiyopungua, ikiwa daktari atautazama mkono huo na kuulinganisha na wa pili. Atafichuliwa akipimwa nguvu za kushika mara tatu, majibu yasipatane. Mambo haya yanataka muda na yanataka kuandikwa. Ufupi humfaa mwongo, kwa kuwa hana jambo la kuelezwa. Humwumiza mkweli, kwa kuwa haki yake yote imo katika maelezo.

Hata hapo tumesema habari za vidole tu, na kidole kilichokatwa kinaonekana na kila mtu. Je, mgongo? Je, masikio yaliyozibwa na kelele za mashine kwa miaka ishirini? Je, kifafa, au ugonjwa wa akili? Kifafa hakiji kwa miadi. Mtu mwenye maumivu ya mgongo huweza kutembea sawasawa siku ya Jumatatu, siku ya kumwona daktari, kisha akalala kitandani mpaka Alhamisi kwa sababu ya safari hiyo hiyo. Daktari anayemwona mara moja humwandikia ripoti ya Jumatatu. Anayemtibu mwaka baada ya mwaka ndiye anayeijua Alhamisi.

Swali hili, ni daktari yupi aaminiwe, limewasumbua wengine kabla yetu. Huko Marekani, katika mafao ya ulemavu ya serikali, kanuni za mwaka 1991 zilisema kwamba maoni ya daktari anayemtibu mdai yapewe uzito zaidi kuliko ya daktari aliyemwona mara moja. Na yakiwa yametegemezwa vizuri kwa vipimo, wala hayapingani na ushahidi mwingine ulio imara, yawe ndiyo yanayotawala. Kanuni hiyo iliondolewa kwa madai yaliyoletwa kuanzia tarehe 27 Machi, 2017. Sasa maoni ya kila daktari hupimwa, hasa kwa maswali mawili: je, ametoa sababu za kuyategemeza? Je, yanapatana na ushahidi mwingine? Kwa maoni yangu Wamarekani walitupa mtoto pamoja na mbeleko. Maswali yao mawili ni mazuri na tungefanya vyema kuyaazima. Lakini kumwondolea heshima yake daktari aliyemwona mgonjwa mara arobaini, ili asimame sawa na aliyemwona mara moja, si usawa.

Uingereza wana hadithi yao, nayo ina aibu zaidi. Mwaka 2008 walianzisha kipimo kipya cha uwezo wa kufanya kazi. Kipimo hicho kilifanywa na watumishi wa kampuni iliyopewa kandarasi: kwanza Atos, kisha tangu mwaka 2015 Maximus. Mdai alihesabiwa alama. Asipofikisha alama 15, kwa kawaida aliambiwa kwamba yu tayari kwa kazi. Barua ya daktari wake, aliyemjua tangu ujana, iliweza kuwekwa kando. Ofisi ya mafao ilikuwa na desturi ya kumwandikia daktari huyo kumwarifu kwamba mgonjwa wake hahitaji tena vyeti vya ugonjwa. Mwaka 2017 barua hiyo ilionekana imebadilishwa: yale maneno yaliyomweleza daktari kwamba mgonjwa akikata rufaa aendelee kumpa vyeti yalikuwa yameondolewa. Bila cheti hapakuwa na posho wakati wa rufaa. Wabunge na madaktari wakapiga kelele, na mwaka 2019 barua ikarekebishwa. Sentensi moja tu, wanafunzi wangu. Iliondolewa sentensi moja katika barua ya kawaida ya ofisi.

Lakini huko huko Uingereza pana jambo la kuigwa. Katika rufaa za posho ya ulemavu iliyoanzishwa mwaka 2013, baraza la rufaa huwa na watu watatu: hakimu, daktari, na mtu wa tatu mwenye ujuzi wa maisha ya ulemavu. Mdai huulizwa mwenyewe, akajibu kwa kinywa chake: waamkaje, wavaaje, wapikaje? Na kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya rufaa zilizosikizwa mbele ya mabaraza hayo zimekwisha kwa ushindi wa mdai. Mwenye kutetea ofisi atasema kwamba wadai walileta ushahidi mpya. Ndiyo, na ushahidi huo mara nyingi ulikuwa wao wenyewe, ambao hakuna aliyekuwa amewasikiliza.

Turudi nyumbani, maana habari si za viwandani tu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003, ambayo mwaka 2025 ilipisha sheria mpya, ilileta msamaha wa kodi. Na amri ya mwaka 2010 ikasema kwamba mtu mwenye ulemavu asitozwe kodi katika shilingi 150,000 za kwanza za mapato yake ya mwezi. Ili kuupata alipaswa kuwa na ripoti kutoka hospitali ya serikali. Jambo hilo ni la haki. Lakini cheti cha msamaha chini ya amri hiyo kilitolewa kwa muda wa miaka michache tu, kisha mwenyewe akatakiwa kuanza tena safari ya kuthibitisha ulemavu wake. Mtu aliyekatwa mguu alirudi kuonyesha kwamba mguu haupo, kana kwamba mguu wa binadamu huchipuka kama mgomba. Mwenye mshahara mkubwa huikasirikia safari hiyo akaisahau. Lakini mfikirieni yule anayepokea shilingi 2,000 kwa mwezi za mpango wa Inua Jamii, anayesafiri na msaidizi, aambiwe njoo leo, daktari hayupo, rudi Jumanne. Nauli imekwisha kula posho kabla ya mhuri kugonga karatasi.

Madaktari nao wana la kusema, na ni haki wasikilizwe. Husema: hatuna muda, foleni ni ndefu, ripoti hizi ni kazi juu ya kazi. Kweli. Kosa la foleni si lao, ni la wale wanaopanga fedha za hospitali. Lakini sikuomba kitabu. Naomba aya moja zaidi. Baada ya kutaja mfupa na mshipa, daktari aandike mtu huyu hufanya kazi gani, na ni vitendo gani vya kazi hiyo asivyoviweza sasa. Aandike kama atapona au hatapona, na tarakimu yake ameitoa wapi. Aya hiyo na iandikwe kwa Kiswahili. Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya kwa Katiba ya mwaka 2010, sawa na Kiingereza, na hapana ugumu wowote wa kusema kwa Kiswahili kwamba mtu hawezi kuinua debe la maji, hawezi kukunja kidole, hawezi kusimama kwa muda wa saa moja. Kilatini na kibaki katika daftari la hospitali. Daktari asiyeweza kuyasema hayo kwa lugha ya mgonjwa, nashuku kwamba hakumwuliza.

Na ripoti hiyo apewe mwenyewe. Nimesikia karani akimwambia mama mmoja kwamba ripoti ni mali ya ofisi. Mwili ni wake, maumivu ni yake, na karatasi inayoupigia mwili huo bei si yake! Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 35, inampa raia haki ya kupata habari anazozihitaji ili kuilinda haki yake. Na kifungu cha 47 kinasema kwamba mtu ambaye haki yake imedhuriwa na uamuzi wa serikali apewe sababu kwa maandishi. Hatuombi hisani.

Nayaandika haya kwenu ninyi wanafunzi, wala siyaandiki kwa wabunge, kwa sababu moja. Katika nyumba nyingi ni ninyi mtakaopewa bahasha hiyo. Baba ataitoa mfukoni jioni, ataiweka mezani na kusema, "Hebu nisomee." Siku hiyo msianze na tarakimu. Anzeni na tarehe. Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi ana siku 60 za kuwasilisha pingamizi lake kwa Mkurugenzi yule yule, na siku hizo huhesabiwa tangu uamuzi kutolewa, si tangu bahasha kufunguliwa. Mkurugenzi naye apaswa kulijibu kwa maandishi katika siku 14. Jibu lisiporidhisha, zimebaki siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Bahasha iliyolala juu ya kabati miezi miwili kwa kuogopwa imekwisha kuamua kesi.

Kisha someni maneno ya daktari, mkamwulize baba kama ndivyo ilivyo. Kama sivyo, chukueni karatasi safi. Msiandike kwamba anateseka sana, maana kila mtu huandika hivyo na karani haoni neno. Andikeni kwamba tangu ajali hajafunga kifungo hata kimoja; kwamba parafujo humwanguka; kwamba alikuwa kwenye msumeno na sasa yuko kwenye ufagio, alikuwa akilipwa kiasi hiki na sasa kiasi hiki. Mpelekeeni karatasi hiyo daktari aliyemtibu tangu mwanzo, mkamwombe aiseme kwa ujuzi wake, kweli tupu, asiongeze wala asipunguze. Ziambatisheni zote mbili na pingamizi. Msomeeni baba yote kwa sauti kabla ya kuifunga bahasha, naye atie sahihi yake, kwa mkono wa kushoto ikiwa wa kulia haushiki kalamu.